Sukari bandia kwenye juisi za watoto: nimepima kwa mizani, njooni tukague hesabu

MamaRozela (mleta mada)

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, nivumilieni.

Natengeneza juisi nyumbani kwangu Tabata: rozela, ukwaju na ubuyu. Nafunga kwenye chupa za mililita 300, nawapelekea wenye genge na mama mmoja anayeuza vitafunwa nje ya geti la shule ya msingi. Kwenye ndoo ya lita 20 nilikuwa natia sukari kilo mbili. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndiyo ladha wateja waliyoizoea.

Mwanzoni mwa 2024 sukari ikaadimika. Mnakumbuka, mvua za El Nino zilikwamisha viwanda, kilo ikapita shilingi 4,000 huku mitaani, mangi akawa anakupimia robo kwa kukuonea huruma tu. Juisi ya shilingi 500 haibebi sukari ya bei ile. Nikaenda Kariakoo kutafuta chupa, mwenye duka mmoja akanitolea pakiti ya unga mweupe, chembe zake zinang'aa kama chumvi. Akaniambia, "Dada, wenzako wote wanatumia hii. Kijiko kimoja cha chakula ni nusu kilo ya sukari." Nikamuuliza ni kitu gani. Akajibu, "Sukari ya viwandani." Nikalipa, nikaondoka nayo.

Nimeitumia wiki tano. Hakuna mteja aliyelalamika. Aliyenishtua ni mwanangu wa miaka minne. Alikunywa kikombe cha ukwaju, akakaa kidogo, akasema, "Mama, ulimi unabaki." Nikaonja kwa makini na mimi. Ni kweli, utamu hauondoki kama wa sukari. Unakaa nyuma ya ulimi, halafu ukianza kuisha unaacha uchungu kama wa kulamba sarafu. Ndipo nikaitafuta ile pakiti nikaisoma kwa mara ya kwanza. Lugha yake siijui, lakini chini kabisa, kwa herufi za kukodolea macho, kulikuwa na namba mbili: E952 na E954.

E952 ni siklameti. E954 ni sakarini. Wiki tano nimewanywesha watoto wa watu vitu hivyo bila kujua majina yake, na usiku ule sikulala.

Najua mkisikia sukari bandia mnafikiria soda za ziro na ule mjadala wa kansa. Nimesoma mengi tangu siku hiyo na naomba niseme wazi ninachoamini: kwetu sisi Dar swali si hilo. Swali ni kiasi. Vitu hivi vimepimwa miaka mingi na vimewekewa kiwango kwa kila kilo ya mwili wa mtu. Kiwanda kikubwa kina mizani na kina maabara. Mimi nilikuwa na kijiko cha chakula.

Hesabu yangu ni hii. Mizani ya keki ya jirani yangu ilisoma gramu 10 kwa kijiko kilichosawazishwa. Ndoo moja nilitia vijiko vinne, maana yake gramu 40 kwa lita 20, sawa na gramu 2 kwa lita. Chupa yangu ya mililita 300 ina miligramu 600 za unga ule. Mwanangu ana kilo 16. Kiwango cha kila siku alichowekewa binadamu na kamati ya pamoja ya wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO), ile inayoitwa JECFA, ni miligramu 11 za siklameti kwa kila kilo ya mwili, na miligramu 5 za sakarini. Kwa mwanangu ni siklameti miligramu 176 na sakarini 80.

Nilichoshindwa ni kujua ndani ya unga ule siklameti ni ngapi na sakarini ni ngapi. Mwenye ujuzi anisaidie.


Kamanda wa Mbagala

Mleta mada pole, na hongera kwa kusema ukweli. Wengi wangenyamaza wakaendelea kuuza. Naweka kambi hapa.


Fundi Vipimo

Dada yangu, nimefanya kazi miaka kadhaa maabara ya kiwanda cha vinywaji, naomba nikujibu hilo la mwisho.

Mchanganyiko wa siku nyingi wa vitu hivyo viwili ni siklameti sehemu kumi kwa sakarini sehemu moja. Sababu ni ladha. Sakarini ni tamu mara 300 hivi kuliko sukari, ila ina ule uchungu wa sarafu ulioutaja. Siklameti ni tamu mara 30 tu lakini inafunika uchungu wa mwenzake. Ukizichanganya kumi kwa moja, kila moja inatoa karibu nusu ya utamu wote. Kijiko cha gramu 10 za mchanganyiko huo kinafikia nusu kilo ya sukari, kwa hiyo alichokuambia mwenye duka kuhusu kijiko kinalingana. Alichokuficha ni jina.

Sasa tufanye hesabu yako. Miligramu 600 ukigawa kwa kumi na moja, unapata siklameti 545 na sakarini 55. Sakarini peke yake iko ndani ya kiwango cha mwanao. Siklameti iko mara tatu ya kiwango chake, kwa chupa moja. Akinywa mbili siku ya joto, na Dar siku ya joto ni kila siku, tumefika mara sita.

Nikupe na kipimo kingine. Umoja wa Ulaya unaruhusu siklameti kwenye vinywaji, lakini mwisho ni miligramu 250 kwa lita. Yako ilikuwa miligramu 1,800 na kitu kwa lita. Hakuna kiwanda cha Ulaya kinachofuata sheria kingeruhusiwa kutoa kinywaji hicho.

Usije ukaelewa kwamba umewapa watoto sumu. Kiwango hicho cha kila siku kinapatikana hivi: wanatafuta kiasi kikubwa kabisa ambacho wanyama wa maabara walikula bila kuonyesha madhara, halafu kwa kawaida wanakigawa kwa mia moja. Ni kiasi cha mtu kula kila siku maisha yake yote. Kukivuka siku moja hakuvunji kitu. Kukivuka kila siku ya shule, kuanzia chekechea hadi darasa la saba, kunawapeleka watoto mahali ambapo hakuna aliyepima.


Mzee wa Buza

Vijana, mnajadili namba wakati jambo liko wazi. Wamarekani walishaipiga marufuku siklameti. Walichokikataa wao sisi tunakiletewa kwa marobota. Kitu kizuri kwa nini kipigwe marufuku?


Fundi Vipimo

Shikamoo mzee wangu. Ni kweli Marekani walipiga marufuku mwaka 1969 na mpaka leo hawajairudisha. Panya waliolishwa mchanganyiko huohuo wa kumi kwa moja, tena kwa wingi sana, walipata uvimbe kwenye kibofu. Lakini Ulaya wameiangalia wakaibakisha, kwa kiwango kidogo kuliko cha JECFA, miligramu 7 kwa kilo. Ushahidi ni uleule, maamuzi mawili tofauti.

Na sakarini nayo ilipita hukohuko. Mwaka 1977 utafiti wa Canada uliona uvimbe wa kibofu kwa panya, Marekani wakataka kuifuta, watu wakapiga kelele hasa wagonjwa wa sukari kwa sababu wakati ule hawakuwa na kingine, Bunge lao likasimamisha marufuku na kuamuru kila pakiti ibebe onyo. Onyo lilikaa mpaka mwaka 2000. Lililoliondoa ni kuelewa kilichotokea ndani ya yule panya. Mkojo wa panya dume una protini nyingi na madini yake yako tofauti na yetu. Ukimlisha sakarini kwa wingi, mkojo unatengeneza fuwele ndogo zinazokwaruza ngozi ya ndani ya kibofu. Ngozi inajijenga upya, inakwaruzwa tena, miaka yake yote miwili ya kuishi, mwisho inageuka uvimbe. Binadamu hatuna mkojo wa namna hiyo.

Kwa hiyo mzee wangu, mimi sisemi ni salama kwa sababu mzungu kasema, wala ni mbaya kwa sababu mzungu mwingine kakataza. Nauliza ilitokea nini, na kwa kiasi gani.


Mzee wa Buza

Marahaba. Umenielimisha hilo la kibofu. Lakini bado mjukuu wangu simpi.


Muuguzi wa Zamu

Nimetoka zamu nimekuta uzi huu, usingizi umekata.

Naomba niseme la upande wa pili, kwa sababu najua utasomwa na wenye wagonjwa nyumbani. Mama yangu mdogo ana sukari mwaka wa tisa. Alikuwa anatumia vidonge vya kukolezea chai, kimoja kwa kikombe, na maisha yanakwenda. Mwezi wa saba 2023 ukasambaa ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia kwamba WHO wamethibitisha vidonge vile ni kansa. Akavitupa. Hakuacha chai tamu, akahamia asali, vijiko vitatu kila kikombe, akiamini asali ni dawa. Nilipokwenda kumtembelea nikampima asubuhi kabla hajala, mashine ikasoma 17, juu mno. Mguu ulikuwa na kidonda cha wiki mbili anachokificha kwenye soksi.

Asali ni sukari, jamani. Mwilini inapandisha vilevile. Kile kidonda kilitupa miezi minne ya kwenda na kurudi kliniki, na kilitokana na ujumbe wa sauti wa dakika moja na nusu.

Sasa huo ujumbe ulitoka wapi. Tarehe 14 Julai 2023 vyombo viwili vilitoa taarifa siku moja kuhusu aspatame, ile E951 ya kwenye soda nyingi za ziro. IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO kule Lyon, waliiweka kundi la 2B, yaani "huenda". Kundi hilo linasema ushahidi upo ila ni mdogo. Liko chini ya 2A, na 2A iko chini ya kundi la kwanza lenye sigara na pombe. Humo kwenye 2B kuna pia kinachokamuliwa kutoka jani zima la shubiri, mshubiri huohuo tunaopaka ngozini. IARC wanaangalia kama kitu kinaweza kuleta saratani kwa namna yoyote ile. Hawasemi kwa kiasi gani.

Wa kiasi ni JECFA, na siku hiyohiyo walisema hawaoni sababu ya kubadili kiwango walichokiweka mwaka 1981, miligramu 40 kwa kilo. Mtu wa kilo 70 anaruhusiwa miligramu 2,800 kwa siku. Kopo moja la soda ya namna hiyo lina miligramu 200 hadi 300. Angehitaji makopo kati ya 9 na 14 kila siku, na asile aspatame popote pengine, ndipo avuke.

Ujumbe wa sauti ulibeba taarifa ya kwanza tu.


Sinza Mazoezi

Dah, nimepumua. Mimi soda ya ziro moja kila baada ya mazoezi. Kumbe niko salama.


Muuguzi wa Zamu

Kaka, kwa kansa ya aspatame usikose usingizi. Ila usikimbilie hitimisho, kuna taarifa nyingine ya mwaka huohuo ambayo haikusambaa. Mwezi wa tano 2023 WHO walitoa mwongozo kwamba vikoleza utamu visivyo sukari visitumike kama njia ya kupunguza uzito au kujikinga na magonjwa. Walipitia tafiti nyingi wakaona kwamba kwa muda mfupi mtu anapungua kidogo akibadilisha sukari kwa hivi, lakini kwa miaka mingi faida hiyo haionekani, na wanaovitumia sana wanaonekana kupata zaidi kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya moyo.

Mwongozo huo WHO wenyewe wameuita wa masharti, yaani ushahidi wake hauna uhakika wa kutosha. Na uliwatoa nje watu ambao tayari wana sukari. Yaani mama yangu mdogo hakuwa anazungumziwa kabisa.


Sinza Mazoezi

Sasa mbona inachanganya? Inazuia au inaleta kisukari?


Fundi Vipimo

Mkuu, ni swali zuri kuliko yote humu. Fikiria nani anakunywa ziro. Mara nyingi ni aliyeambiwa na daktari kwamba uzito umezidi, au baba yake alikufa kwa sukari, au suruali zimeanza kumbana. Ukimfuatilia miaka minane ukakuta kapata kisukari, utasema kinywaji kimempa, au alikuwa njiani tayari ndiyo maana akahamia kwenye ziro? Ufaransa walifuatilia watu wazima 102,865, matokeo yakatoka 2022: waliotumia zaidi vikoleza hivi, hasa aspatame na asesulfame, walikuwa na hatari ya saratani ya juu kwa asilimia 13 kuliko wasiotumia. Watafiti walijitahidi kuondoa athari za uzito, sigara, umri na mengine. Lakini kwenye utafiti wa kufuatilia tu huwezi kuondoa yote.

Kinachonifikirisha mimi ni utafiti wa Israel, wa Taasisi ya Weizmann, mwaka 2022 huohuo. Waliwachukua watu 120 wenye afya ambao hawakuwa wakitumia vitu hivi, wakawapa kwa wiki mbili, chini ya kiwango kinachoruhusiwa. Waliopewa sakarini na waliopewa sukralozi, miili yao ilianza kuishughulikia sukari ya kawaida vibaya zaidi, na vijidudu vya tumboni vilibadilika. Si kila mtu, wengine hakikutokea kitu. Ni utafiti mdogo na wa muda mfupi. Lakini unaonyesha kwamba kile tulichoamini zamani, kwamba sakarini inapita mwilini kama maji kwenye bomba, hakijakamilika. Tumbo lina wakazi wake na wanaionja.


Duka la Kona

Mimi nauza. Naomba nisikike bila kutukanwa.

Mnamlaumu mwenye duka wa Kariakoo, lakini mtoto anakuja na shilingi 200 mkononi anataka kitu cha baridi. Kwa shilingi 200 mtampa nini chenye sukari halisi? Juisi za unga za pakiti, barafu za kwenye nailoni, pipi, nyingi zina hivi vitu. Na kuna faida: meno. Sakarini haiozeshi meno. Mimi binti yangu ana meno manne meusi kwa pipi za sukari.


MamaRozela (mleta mada)

Kaka, humu hutukanwi, umesema kitu cha kweli. Bakteria wa mdomoni hawawezi kula sakarini wala siklameti, kwa hiyo hawatengenezi ile asidi inayotoboa jino. Ingawa kwenye soda na ukwaju asidi imo tayari, kinywaji chenyewe kinalilainisha jino hata bila sukari.

Baada ya kusoma maneno yako nimeteremka kwa mangi wetu nikaomba nisome pakiti za juisi za unga zilizoning'inia, za kampuni tatu tofauti. Nilimwambia natafuta namba, akanipa kigoda. Zote tatu zina 951 na 950, yaani aspatame na asesulfame. Mbili zina 952 na 954 pia. Moja imeandika kiasi cha maji, inatakiwa pakiti moja kwa lita moja na nusu. Nikamuuliza mangi watoto wanachanganyaje. Kabla hajajibu, wakaja wawili wa darasa la kwanza au la pili, wakanunua moja, wakaichana kona, wakaanza kulamba unga mkavu kwa zamu huku wanaondoka.

Kiwanda kimepiga hesabu ya lita moja na nusu. Watoto wameimaliza kabla ya kufika kwenye bomba.

Ndiyo maana nasema kiasi. Pakiti ile ni halali, imeandikwa, ina namba zote. Lakini aliyeandika "changanya na lita 1.5" kwa Kiingereza, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, hakumwandikia mtoto wa Tabata.


Bint Mtoni

Dada mimi nina swali dogo. Nyuma ya kopo huwa wanaandika "ina fenilalanini". Ndiyo nini hiyo? Nilikuwa mjamzito nikaogopa.


Muuguzi wa Zamu

Mdogo wangu, aspatame ikifika tumboni inavunjika kuwa vitu vitatu: fenilalanini, asidi ya aspatiki na methanoli kidogo sana. Viwili vya kwanza vimo kwenye maharage, maziwa na nyama unayokula kila siku. Methanoli nayo imo kiasili kidogo kwenye juisi za matunda, usitishwe na jina. Onyo lile ni kwa watu wachache waliozaliwa na ugonjwa wa kurithi unaoitwa fenilketonuria, ambao miili yao haiwezi kuivunja fenilalanini, na ikirundikana inaharibu ubongo wa mtoto. Nchi nyingi wanapima kila kichanga kwa tone la damu la kisiginoni. Kama huna ugonjwa huo, maneno yale hayakuhusu.

Na nyongeza kwa wapishi: aspatame haivumilii moto. Ukiichemsha na ukwaju inavunjika, utamu unapotea. Hata soda ya ziro iliyokaa juani mbele ya duka siku nyingi ladha inapooza. Sakarini, siklameti na sukralozi zinavumilia, ndiyo maana wauza juisi wanauziwa hizo.


Kamanda wa Mbagala

Serikali iko wapi sasa? Tangu TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, iondolewe kwenye chakula naona kila mtu anajiuzia.


Fundi Vipimo

Mkuu, kazi ya usalama wa chakula haikufutwa, ilihamia TBS, shirika la viwango, mwaka 2019. TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Na viwango vya viongeza chakula vipo, Tanzania ni mwanachama wa Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula. Mjasiriamali mdogo akipitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, akapata barua ya utambulisho, TBS wanampokea na kumwelekeza. Dada MamaRozela, hiyo njia ifikirie.

Ila tusimtwishe mkaguzi kila kitu. Mkaguzi hawezi kusimama kwenye kila ndoo ya Dar es Salaam. Mwenye ndoo ndiye anayejua katia nini.


Mpogoro Halisi

Nimesoma uzi wote na nina neno moja kwa mleta mada, nalisema kwa heshima. Umeumia kwa sababu ya unga, lakini mapishi yako ya zamani je? Kilo mbili za sukari kwa lita 20 ni gramu 100 kwa lita. Chupa yako ilikuwa na gramu 30 za sukari. WHO wanashauri mtu mzima asizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana 25. Mtoto wa kilo 16 alikuwa anakunywa kwa chupa moja zaidi ya kiwango bora cha baba yake. Ukirudi kwenye sukari hujamwokoa mtoto, umembadilishia tatizo.


MamaRozela (mleta mada)

Mpogoro, nimekaa na maneno yako siku mbili kabla ya kujibu. Ni kweli tupu. Nilikuwa naiona sukari ndiyo salama kwa sababu naijua, nimekua nayo.

Nimefanya hivi. Jumamosi nilichukua ndoo tano ndogo za lita nne za rozela, nikaanza na kipimo changu cha zamani na kushuka: gramu 100 kwa lita, 80, 60, 50, 40. Nikawaita watoto wa uani, kumi na mmoja, nikawapa vikombe bila kuwaambia. Ya 40 waliikunja uso. Ya 50 waligawanyika. Ya 60 waliimaliza, na wanne waliipenda kuliko ya 100, mmoja akasema ile ya 100 "inanata". Miaka sita nimekuwa natia sukari ambayo hata mnywaji haitaki.

Kisha nikajaribu kuchemsha rozela na maganda ya nanasi yaliyooshwa vizuri na mdalasini kipande. Uchachu ukatulia, na kwa gramu 50 sasa wanakunywa. Ukwaju bado ni mkaidi, nimebaki 60.


Muuguzi wa Zamu

Gramu 50 kwa lita ni gramu 15 kwa chupa. Umepunguza nusu. Ungepunguza na chupa pia ikawa ya mililita 200, ni gramu 10, vijiko viwili vya chai na nusu. Nami naomba watoto wasipewe kila siku, hata ya kwako.


Bint Mtoni

Kwa hiyo sukari bandia tunaacha kabisa au?


Fundi Vipimo

Mama yake mdogo Muuguzi aendelee na kidonge chake kimoja kwenye chai. Kaka wa Sinza kopo lake moja simkatazi, ila asidhani linampunguza mwili. Watoto wadogo, mimi nawatoa. Miili yao ni midogo kwa hiyo kiwango chao kinajaa upesi, na utamu wanaouzoea sasa ndio watakaoutafuta ukubwani. Huo ni msimamo wangu, sijasema ni sheria.


Duka la Kona

Mimi nimeondoa zile za kulamba kwenye kamba ya mbele. Bado nauza, lakini nimeziweka juu rafu ya nyuma, mtoto akitaka aje na mzazi. Mauzo yameshuka, sitadanganya. Mleta mada niletee chupa ishirini za rozela ya 50 tuone.


MamaRozela (mleta mada)

Kaka nitakuletea kesho asubuhi kabla ya saa moja, za mililita 200, shilingi 400. Nimebandika karatasi kila chupa, nimeandika kwa kalamu ya wino usiofutika: rozela, maji, nanasi, mdalasini, sukari gramu 10. Mama wa getini nimemweleza yote, na wazazi watatu aliokuwa anawafahamu nimekwenda kuwaambia mwenyewe wiki tano zile watoto wao walikunywa nini. Mmoja alinikasirikia, na ana haki. Wawili waliniuliza kama pakiti bado ninayo.

Ninayo, imebaki robo. Jumatatu naipeleka TBS Ubungo pamoja na risiti isiyo na jina. Wakati huo naomba mwenye pakiti ya unga mtamu au juisi ya unga nyumbani aigeuze nyuma, atafute namba kati ya 950 na 968, aziandike hapa pamoja na kiasi cha maji kinachotakiwa. Naanza mimi: za kwa mangi wetu, pakiti ya chungwa, 950, 951, 952, 954, lita 1.5.